Kijiji cha Wendat pale Stouffville: kwanini tarehe zimesogezwa karibu miaka mia

Swali limetoka kwa dada anayeishi Markham, Ontario, nchini Canada. Watoto wake wamefundishwa shuleni habari za kijiji kikubwa cha Wahuron kilichochimbwa Stouffville, kaskazini kidogo tu ya kwao, na wameambiwa ni cha mwaka 1500 hivi kabla Wazungu hawajafika, lakini yeye kasoma mahali kwamba sasa wanasema ni cha 1600. Anauliza: "Hawa watu hawakuwa na maandishi, sasa mnajuaje? Na mtaalamu anakoseaje miaka mia nzima? Alafu kile kipande cha chuma cha Ulaya kilifikaje pale kama Mzungu hakuwepo? Na nikitaka kuwapeleka watoto wakaone kwa macho niende wapi?"

Dada, nianze na majina maana hapo ndo wengi wanapopotea. Ukisikia Iroquoian usifikirie kabila moja, ni familia ya lugha, kama tunavyosema Wabantu, Mkikuyu na Mzulu lugha zao zina asili moja ila hakuna anayesema ni watu wamoja. Ndani ya familia hiyo wapo Wendat ambao Wafaransa waliwaita Huron, hawa ndo wa Stouffville, wapo majirani zao Tionontaté, wapo wale ambao Wafaransa waliwaita Neutral kwa sababu hawakuingia kwenye vita vya wenzao, wapo Erie, wapo Susquehannock kule Pennsylvania, wapo waliokaa kando ya mto St. Lawrence pale palipo Montréal na Québec leo, na wapo Haudenosaunee wa New York, muungano wa mataifa matano, Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, wakaja kuwa sita Tuscarora walipojiunga karne ya 18. Hata Cherokee wa kusini lugha yao inatoka humu humu. Wendat na Haudenosaunee walifanana sana kimaisha, nyumba zile zile, mazao yale yale, na bado walipigana vita vikali kwa muda mrefu, kwaiyo mtoto akirudi na daftari limeandikwa "Wairoquois waliishi hivi" muulize ni wapi hao, wa wapi na wa lini.

Sasa mnajuaje bila maandishi. Kwa udongo. Nyumba zao zilikuwa ndefu, upana mita 6 au 7 hivi, urefu mara nyingi mita 20 mpaka 30 na zingine zilipita mita 100, fremu ya nguzo nyembamba zilizochomekwa ardhini, mara nyingi za mwerezi maana hauozi haraka, juu zinapindwa na kufungwa, alafu zinafunikwa kwa magome ya miti. Hakuna jiwe hakuna tofali, kwaiyo leo ukisimama pale huoni kitu, ni shamba la mtu tu. Lakini nguzo ikioza inaacha doa jeusi la duara kwenye udongo wa njano, ukiondoa ule udongo wa juu uliolimwa unaanza kuyaona madoa moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu, na ukiyachora yote kwenye ramani kuta zinajitokeza zenyewe, na milango, na vitanda virefu vya pembeni, na mashimo ya kuwekea akiba, na katikati mstari wa majiko ambapo udongo umeungua ukawa mwekundu. Kila jiko lilihudumia familia mbili, moja huku moja kule, hilo limeandikwa na Wafaransa walioishi nao miaka ya 1600 na madoa yanakubaliana nao, kwaiyo ukihesabu majiko unapata makadirio ya watu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya upande wa mama, bibi na dada zake na mabinti zao na watoto, mwanamume akioa anahamia kwa kina mke, na mtoto anahesabiwa ukoo wa mama yake. Nyumba ikirefushwa, na tunaona kabisa kwenye madoa kwamba ilibomolewa ukuta wa mwisho ikaongezwa, maana yake ukoo umekua au umepokea watu.

Na kuna jalala. Mimi ukinipa ruhusa ya kuchimba sehemu moja tu ya kijiji nachagua jalala bila kufikiria mara mbili, maana pale wametupa kila kitu cha kila siku, punje za mahindi zilizoungua, mbegu za alizeti, miiba ya samaki, mifupa ya kulungu na mbwa, sindano za mfupa, viko vya kuvutia tumbaku, vipande vya vyungu ambavyo ukingo wake umechorwa mistari kwa namna ambayo mtu aliyezoea anaweza kukwambia hiki kimefinyangwa kwa mtindo wa watu wa St. Lawrence, hiki ni mtindo wa New York, hiki ni wa hapa hapa. Waliofinyanga ni wanawake, kwaiyo chungu cha mtindo wa mbali ndani ya kijiji mara nyingi kinatuambia kuna mwanamke kaja kutoka mbali, ameolewa au amekimbia vita au ametekwa, na mikono yake bado inakumbuka namna ya kwao. Hilo jambo huwa linanigusa sana kwa kweli.

Mahindi yalishafika Ontario kusini kama miaka 1,500 iliyopita, ila maharage yalichelewa, yanaanza kuonekana kwa wingi karibu na 1300, na ukichanganya hivyo viwili na maboga ndo unapata kile chakula kilicholisha vijiji vikubwa. Kuna ushahidi mzuri sana kwenye ziwa dogo linaitwa Crawford Lake, karibu na mji wa Milton. Maji ya chini ya lile ziwa hayachanganyiki na ya juu, kwaiyo tope linatulia tabaka moja kila mwaka bila kuvurugwa, na miaka ya 1970 wanasayansi waliokuwa wanasoma tope wakakuta chavua ya mahindi humo ndani, ya karne kadhaa kabla ya mkulima yeyote wa Kizungu, na chavua ya mahindi ni nzito haipeperuki mbali, maana yake shamba lilikuwa hapo hapo. Wakatafuta pembeni wakakuta kijiji kizima. Kupitia kaboni iliyomo kwenye mifupa na meno tunajua pia kwamba kwa watu hawa mahindi yalikuwa zaidi ya nusu ya chakula, sababu mahindi yanashika kaboni kwa namna tofauti na mimea mingi ya misitu ile na tofauti hiyo inabaki mwilini mwa anayekula.

Jambo jingine unalotakiwa kulijua kabla sijaingia kwenye tarehe ni kwamba vijiji vilihama. Baada ya miaka kama 10 mpaka 40 udongo umechoka, kuni zimeisha karibu, nguzo zinaoza, panya wamezidi, basi jamii nzima inajenga upya kilomita chache mbele. Kwaiyo akiolojia ya kule ni ya kufuata jamii moja ikihama toka kijiji hadi kijiji, na ndo maana hatuzungumzii Stouffville peke yake, kuna mfululizo wa vijiji vitatu. Cha kwanza kinaitwa Draper, kilichimbwa miaka ya 1970 kwa haraka sababu serikali ilitaka kujenga uwanja wa ndege Pickering, uwanja wenyewe haukujengwa ila kijiji kilichimbwa. Draper ilianza ndogo alafu ikapanuliwa mara kadhaa, kila mara ukuta wa magogo unasogezwa nje kupokea kundi jingine la nyumba, yaani vijiji vidogo vidogo vya jirani vilikuwa vinaingia kimoja kimoja kujihifadhi pamoja. Kutoka hapo wakahamia Spang, na kutoka Spang wakahamia hicho unachokiulizia, ambacho zamani kiliitwa Mantle kwa jina la wenye shamba na sasa kinaitwa Jean-Baptiste Lainé, jina la mwanajeshi wa Kiwendat aliyepigana Vita Kuu ya Pili, heshima waliyoichagua Wendat wenyewe.

Kilichimbwa mwaka 2003 mpaka 2005 kabla ya kujengwa nyumba za makazi, na ni moja ya vijiji vikubwa kabisa vya Wendat vilivyowahi kuchimbwa karibu vyote, nyumba ndefu 98, ingawa hazikusimama zote kwa wakati mmoja, watu kama 1,500 mpaka 1,800, ukuta wa magogo kuzunguka pande zote. Kule Draper nyumba zimekaa mafungu mafungu, kila kundi na upande wake, unaona kabisa hawa ni wageni kwa wageni. Lainé imepangwa toka mwanzo kama kitu kimoja, na mwanzoni palikuwa na uwanja wa wazi katikati. Yaani ndani ya vizazi vichache watu waliokusanywa na hofu wamekuwa mji mmoja wenye mipango, na mtu wa kuandika chini hilo jambo hakuwepo, limeandikwa na mashimo ya nguzo.

Haya, tarehe. Kwa miaka mingi sana kanuni ilikuwa rahisi: angalia bidhaa za Ulaya. Kijiji hakina shanga za kioo wala chuma wala shaba ya Ulaya, basi ni kabla ya 1550 hivi. Kina vipande vichache vya shaba, basi ni mwisho wa karne ya 16. Kina shanga za kioo za aina fulani, basi ni 1580 mpaka 1600, za aina nyingine ni 1600 mpaka 1630, na kuendelea, maana aina za shanga zilibadilika kufuatana na meli na wafanyabiashara waliozileta na tarehe zake zinajulikana upande wa Ulaya. Lainé ilitoa chembe mbili tu za shanga za shaba ya Ulaya na kile kipande cha chuma, hakuna kioo, hakuna sufuria, kwaiyo ikawekwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na Draper ikarudishwa nyuma mpaka nusu ya pili ya karne ya 15. Ilionekana inaeleweka kabisa. Walioweka tarehe hizo walikuwa watu makini, tatizo ni kanuni yenyewe, maana ndani yake imefichwa dhana kwamba bidhaa za Ulaya zilienea kila mahali kwa kasi moja, na kwamba kila jamii ikizikuta tu inazitaka. Ukiangalia vizuri ni kwamba historia ya Wendat ilikuwa inapimwa kwa saa ya wafanyabiashara wa Kifaransa. Ukiwa na shanga upo kwenye wakati, usipokuwa nazo unarudishwa nyuma kwenye ukale.

Utauliza kwanini hawakutumia kaboni 14, ile njia ya kupima umri wa mabaki, tangu mwanzo. Walijaribu, wakakata tamaa, na walikuwa na sababu. Kaboni 14 inapungua kwa kasi inayojulikana toka mmea ulipokufa, ila kiasi chake hewani hakikuwa sawa miaka yote, kwaiyo kila kipimo lazima kilinganishwe na mstari maalum uliotengenezwa kwa kupima miviringo ya miti ambayo umri wake unajulikana mwaka kwa mwaka. Sasa mstari huo ukifika kati ya mwisho wa karne ya 15 na miaka ya 1630 hivi unapanda na kushuka vibaya, punje moja ya mahindi inaweza kukupa jibu kwamba ni ya 1490 au ya 1600 na zote mbili zina uzito sawa. Kwa mtu anayetaka kutofautisha miaka 20 hilo jibu halimsaidii, ndo wengi wakaona bora shanga.

Kilichobadilika ni timu ya Sturt Manning wa Chuo Kikuu cha Cornell na Jennifer Birch wa Chuo Kikuu cha Georgia na wenzao, mwaka 2018 wakachapisha matokeo ya vipimo 86. Hawakutegemea punje moja. Walichukua mahindi mengi toka kila kijiji, maana mahindi ni ya msimu mmoja, hayana shida ya gogo ambalo katikati yake ni la zamani kuliko nje. Wakachukua pia mabaki ya nguzo zenye miviringo na kupima miviringo kadhaa ya nguzo ile ile, ukijua huu na ule vimetofautiana miaka 20 au 30 kamili unaweza kuulaza mfululizo wote juu ya ule mstari wenye mabonde na kuona unakaa wapi, na mara nyingi unakaa mahali pamoja tu. Wakaongeza na vitu ambavyo akiolojia tayari inavijua, kwamba Draper ni kabla ya Spang na Spang ni kabla ya Lainé, na kwamba kijiji hakidumu miaka mia, vyote vikaingizwa kwenye hesabu moja kwa takwimu za Bayes. Na walifanya kitu cha busara sana, wakajipima kwanza kwenye kijiji kinachoitwa Warminster, ambacho wengi wanaamini ndo Cahiagué aliyofika Mfaransa mpelelezi Samuel de Champlain mwaka 1615 akakaa na Wendat mpaka mwaka uliofuata. Kaboni ikakubaliana na Champlain. Kwaiyo njia inafanya kazi.

Alafu mfululizo wa Draper, Spang na Lainé, ambao ulikuwa umewekwa kati ya 1450 na 1550, ukatoka kati ya 1530 na 1615. Hapo ndo ile miaka yako karibu mia ilipoenda. Kitabu cha watoto hakijadanganya kwa makusudi, kiliandikwa kabla, au aliyekiandika hajapata habari mpya.

Sasa fikiria maana yake. Lainé ilikuwa na watu wakati ule ule ambapo vijiji vingine vya Wendat kule kaskazini, upande wa Georgian Bay, vina shanga za kioo na vipande vya sufuria kwa wingi. Watu wa lugha moja, mwendo wa siku chache kwa miguu, wengine wamejaa bidhaa za Ulaya na wengine hawana karibu chochote. Mimi siamini kwamba hawa wa kusini walikuwa hawajui kinachoendelea. Walikuwa na vyungu vya mitindo ya St. Lawrence na ya New York jalalani kwao, walikuwa na mawasiliano ya mbali kabisa. Njia za biashara zilikuwa na wenyewe, kwa kawaida ya Wendat njia iliyofunguliwa na mtu ilikuwa ya ukoo wake na wengine waliipita kwa ruhusa au kwa zawadi, kwaiyo nani anapata nini ilitegemea undugu na siasa, na inawezekana kabisa pia kuna waliokuwa hawavitaki vitu vile. Kukosa shanga kulikuwa na sababu nyingi na tulikuwa tumeipa sababu moja tu.

Kile kipande cha chuma. Ni chuma cha kufuliwa, sehemu ya shoka au kifaa cha kukatia, na asili yake imehusishwa na Wabaski, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, ambao karne ya 16 walikuwa wanakuja kila mwaka kuvua na kuwinda nyangumi pwani ya Labrador, kituo chao cha Red Bay leo kipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kutoka pale mpaka Stouffville ni zaidi ya kilomita 1,500, na hakikuhitaji Mzungu kukibeba, kilipita mkono kwa mkono kwa mataifa yaliyokuwa yanabadilishana vitu karne nyingi kabla, shaba asilia ya Lake Superior na kome wa baharini walisafiri umbali kama huo. Kwa tarehe ya zamani kipande hiki kilikuwa maajabu, chuma cha ndani kabisa ya bara kabla hata Mfaransa mpelelezi Jacques Cartier hajafika mwaka 1534. Kwa tarehe mpya maajabu hayo yameondoka, ila mimi naona kimekuwa na maana zaidi. Hakikutupwa jalalani. Kilifukiwa kwa makusudi ndani ya nyumba ndefu. Kijiji cha watu zaidi ya elfu moja, wakati chuma kinaanza kuwa kawaida kwa jirani, na wao kipande chao wanakilaza ardhini ndani ya nyumba. Hilo linakwenda pamoja na tunachokiona kwingine, sufuria za shaba za mwanzo hazikupikiwa, zilikatwa zikafanywa shanga na mapambo na vichwa vya mishale, nyingine zikawekwa na marehemu, maana metali nyekundu ilishakuwa na heshima yake kwao toka enzi za shaba asilia. Walipokea vitu vigeni kwa fikra zao wenyewe.

Na vita pia vimesogea. Draper na vijiji vya wakati wake vina kuta za magogo zilizokazwa, na kwenye majalala yao imekutwa mifupa ya watu yenye alama za kukatwa, mateka bila shaka. Tulizoea kusema vurugu hizo ni za karne ya 15, zimeisha kabla ya Ulaya kuingia kwenye habari. Sasa zinaangukia katikati ya karne ya 16, wakati Cartier keshapanda St. Lawrence mwaka 1535, keshaona kijiji cha Hochelaga na nyumba zake kama 50 ndani ya ukuta wa magogo, keshamchukua kiongozi wa kijiji cha Stadacona aitwaye Donnacona kumpeleka Ufaransa ambako alifia. Champlain alipokuja 1603 vijiji hivyo havikuwepo tena. Watu wa St. Lawrence walikwenda wapi, sehemu ya jibu ni vile vyungu, vinaonekana kwenye vijiji vya Wendat hasa bonde la Trent, na Wendat wa leo wanasema waziwazi kwamba baadhi ya mababu zao walitoka St. Lawrence. Lakini nakuomba usikimbilie kusema basi Wazungu ndo walisababisha vita. Kuwa wakati mmoja sio ushahidi wa chanzo, na Draper ukichimba hukuti bidhaa ambazo mtu angezipigania. Ninachokiona ni kwamba mambo yote haya, kukusanyika kwenye vijiji vikubwa, vita, kuhama, na vitu vya kwanza vya Ulaya, yamebanwa ndani ya vizazi vitatu hivi badala ya kutawanyika kwenye miaka mia na hamsini. Mtoto aliyezaliwa Draper angeweza kuzeekea Lainé akiwa ameyaona yote.

Kuhusu magonjwa, maana najua watoto watauliza. Mwanaakiolojia Gary Warrick alipohesabu nyumba na majiko ya mamia ya vijiji hakuona watu wakipungua ghafla kabla ya miaka ya 1630, yaani bidhaa zilitangulia na magonjwa yakafuata baadaye, walipoanza kuja watu wengi na familia zao. Kuanzia 1634 mpaka 1640 yalipita mfululizo, la mwisho ndui, na Wendat pamoja na Tionontaté waliokuwa kama 30,000 wakabaki kama 12,000. Wazee na watoto ndo walikufa zaidi, na mzee kwenye jamii isiyo na maandishi akifa anaondoka na sheria na dawa na historia. Miaka michache baadaye, 1649, Haudenosaunee wenye bunduki nyingi zaidi wakavunja vijiji vya Wendat, Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, wakachoma kwa mikono yao kituo chao cha Sainte-Marie ili kisitekwe, na wakimbizi wakashinda na njaa majira yote ya baridi kwenye kisiwa cha Gahoendoe.

Hawakuisha lakini, na hili wafundishe watoto kabla ya yote. Taifa la Huron-Wendat lipo Wendake karibu na mji wa Québec, wengine wapo Oklahoma, Kansas na Michigan. Haudenosaunee wapo New York, wapo Kahnawake na Akwesasne, wapo Six Nations kule Grand River ambako kwako ni mwendo wa gari tu. Na ndo wanaobadilisha kazi yetu. Wendat walizika wafu wao kwa pamoja, kijiji kikikaribia kuhama mifupa ya ndugu inatolewa, inasafishwa na jamaa kwa mikono yao, inavikwa ngozi ya beaver, inalazwa yote kwenye shimo moja, Mjesuiti Jean de Brébeuf aliliona tukio hilo Ossossané mwaka 1636 akaliandika. Miaka ya 1940 watu wa makumbusho ya Toronto walilichimba kaburi hilo wakaiweka mifupa kwenye maboksi, na mwaka 1999 Wendat waliichukua wakairudisha kwenye shimo lile lile. Mwaka 2013 wakazika tena mababu zaidi ya 1,700 waliokuwa kwenye hifadhi ya Chuo Kikuu cha Toronto. Kabla ya kuzika waliruhusu utafiti wa meno, na sehemu ya tunachokijua kuhusu chakula cha mahindi imetokana na ruhusa hiyo. Mimi naona hiyo ndo namna sahihi, unaomba, unapewa au unanyimwa, na unaheshimu.

Sasa pa kwenda. Stouffville kwenyewe hakuna cha kuona, ni nyumba za watu. Wapeleke Crawford Lake, wamejenga upya nyumba ndefu pale pale kilipokuwa kijiji, waingie ndani wasikie harufu ya moshi na magome, alafu wazunguke ziwa. Siku nyingine nenda Midland uone Sainte-Marie iliyojengwa upya juu ya mahali penyewe. Mkiwa na safari ya Québec pitieni Wendake, kuna makumbusho ya Wendat wenyewe na wanaelezea kwa sauti yao. Na mkivuka mpaka, karibu na Rochester kuna Ganondagan, mji wa Seneca ulioharibiwa na jeshi la gavana wa Wafaransa, Denonville, mwaka 1687, una nyumba ndefu ya magome.

Kitu kimoja cha mwisho sababu mnakaa Markham na huko mashamba na vijito vimejaa vijiji hivi: mtoto akiokota kipande cha chungu chenye mistari, kipigeni picha kikiwa hapo hapo, andikeni mahali, mtoe taarifa kwa wizara ya mkoa inayoshughulikia urithi, msichimbe hata kidogo, sheria ya Ontario inataka mwenye leseni tu ndo aguse, na kipande kikishatoka sehemu yake hakiwezi tena kutuambia kilikuwa kwenye nyumba gani wala jalala la nani.